Uvumilivu Hauvunji Jiwe

Mgonjwa anayepangiwa kuvunjwa jiwe la figo kwa mawimbi mshtuko huambiwa mambo mawili kabla ya kusaini fomu: hakuna kisu, na hakuna maumivu. La kwanza ni kweli tupu. La pili linategemea mashine iliyopo, mahali jiwe lilipokaa, dawa zilizoandaliwa na mtu atakayesimama kando ya kitanda. Wengine huambiwa maneno mabaya zaidi ya hayo: "Utasikia kidogo, wewe jikaze." Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika safu hii. Inamtesa mgonjwa, na pia inaiharibu tiba yenyewe. Anayejikaza kwa maumivu anaweza kurudi nyumbani na jiwe lake, na hakuna anayemweleza kwamba maumivu ndiyo yaliyolinusuru.

Tuanze na kinachotokea kitandani. Mgonjwa hulala, mara nyingi chali, na kichwa cha mashine chenye mfuko wa maji kinasogezwa mpaka kibane ngozi ya ubavuni au mgongoni, jeli ikiwa imepakwa katikati. Jiwe hutafutwa kwa eksirei au ultrasaundi, kisha mashine inaanza kupiga. Kila pigo ni wimbi moja la shinikizo linalozaliwa nje ya mwili. Linapita kwenye maji, ngozi, mafuta na misuli likiwa limetawanyika, halafu linakusanyika mahali padogo ndani ya figo. Pale linapokusanyika ndipo nguvu yake inapotosha kupasua jiwe. Kikao kimoja huwa na mapigo 2,000 hadi 3,000 hivi, na huchukua nusu saa hadi saa moja.

Maumivu yake hayatoki mahali pamoja, na hili ndilo jambo la kwanza ambalo maelezo ya haraka ya wodini huliruka. Kuna maumivu ya ngozi, pale wimbi linapoingilia. Wagonjwa huyaeleza kama mpira wa manati ulioachiwa ukawachapa, tena na tena, palepale. Kuna maumivu ya ndani, mazito, yasiyo na mahali maalumu. Hayo hutoka kwenye utando unaoifunika figo, ambao una mishipa mingi ya fahamu, na kwenye misuli iliyo njiani. Kuna pia ya mfupa. Jiwe likiwa sehemu ya juu ya figo, mbavu za mwisho huingia kwenye njia ya mawimbi, na ngozi nyembamba inayouvika mfupa huuma vibaya mno ikigongwa. Ndiyo maana wagonjwa wawili wenye mawe ya ukubwa uleule, kwenye mashine ileile, mmoja anasinzia na mwingine anauma meno. Vijana na watu wembamba huumia zaidi mara nyingi, na mwenye hofu huumia kuliko wote, maana hofu huukaza mwili kabla pigo la kwanza halijafika.

Sasa tazama figo ilivyokaa. Iko chini ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, na kila mtu anapovuta pumzi figo hushuka, anapoitoa hupanda. Pumzi ya kawaida huisogeza kidogo tu. Pumzi ndefu ya mtu anayeumwa huisogeza sentimita kadhaa. Eneo ambalo mawimbi hukusanyikia kwenye mashine nyingi za leo lina upana wa milimita chache. Mgonjwa akishtuka, akipinda kiuno, akishika pumzi kisha akaiachia kwa nguvu, jiwe linatoka kwenye shabaha na mashine inaendelea kupiga. Mapigo hayo hayapotei hewani. Yanaishia kwenye nyama ya figo, ambako yanaweza kupasua mishipa midogo ya damu bila kuligusa jiwe hata kidogo. Fundi au daktari akiona mgonjwa anahangaika, hufanya jambo la kibinadamu kabisa, anapunguza nguvu. Basi mapigo yale 2,000 yanaandikwa kwenye faili kuwa yametolewa, lakini yaliyofanya kazi ni sehemu tu ya hayo.

Mwongozo wa Chama cha Ulaya cha madaktari wa mfumo wa mkojo unaliweka hili wazi: maumivu yadhibitiwe kwa uangalifu wakati wa tiba ili kupunguza kujitikisa na kuhema kupita kiasi. Linatajwa pamoja na mambo yanayoamua matokeo, kama vile kasi ya mapigo, ubora wa jeli na usahihi wa kulenga. Kwa hiyo dawa ya maumivu iko kwenye kundi moja na ufundi wa kuelekeza mashine. Hospitali isiyokubali kulenga jiwe kwa kubahatisha isikubali pia kumpiga mgonjwa mawimbi akiwa anajikunyata.

Historia ya mashine hizi inathibitisha haya vizuri kuliko hoja yoyote. Zilianzia mahali pasipotarajiwa, kwenye kampuni ya ndege ya Dornier nchini Ujerumani, ambako wahandisi walikuwa wakichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu miili ya ndege ziendazo kwa kasi kubwa mno. Mawimbi mshtuko yaliyojitokeza katika utafiti ule yaliwavutia madaktari wa Munich, na tarehe 7 Februari 1980, katika hospitali ya chuo kikuu ya Großhadern, Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza. Mashine ilibadilishwa hadi kufikia ile iliyojulikana kama HM3, ambayo Marekani iliidhinisha mwishoni mwa 1984. Ilikuwa beseni kubwa la maji. Mgonjwa alishushwa humo akiwa kwenye kiti maalumu, amepewa nusukaputi au ganzi ya mgongoni, na cheche ya umeme iliyolipuka ndani ya maji ndiyo iliyozaa wimbi. Eneo lake la shabaha lilikuwa pana. Matokeo yake yalikuwa mazuri kiasi kwamba kwa miongo kadhaa mashine mpya zimeendelea kupimwa kwa kulinganishwa nayo.

Lakini beseni lilikuwa ghali, lilikula chumba kizima, na lilihitaji mtaalamu wa usingizi kila siku. Viwanda vikaanza kutafuta mashine ambayo mgonjwa angelala juu yake, akatibiwa, akainuka na kwenda zake. Njia iliyopatikana ilikuwa ya werevu. Ukikipanua chanzo cha mawimbi, nguvu ileile inapita kwenye eneo kubwa zaidi la ngozi, na kila sehemu ya ngozi inapata kidogo. Mashine zenye fuwele nyingi zilizopangwa ndani ya bakuli pana zilifika mbali kwenye njia hiyo, hata wagonjwa wengi wakatibiwa bila sindano yoyote. Sifa zikaenea. Baada ya hapo madaktari wakaanza kuona wagonjwa walewale wakirudi kwa kikao cha pili, cha tatu. Shabaha ilikuwa imefanywa nyembamba mno, na nguvu iliyofika kwenye jiwe haikutosha. Mashine zilipoongezwa nguvu tena, maumivu nayo yakarudi, na wataalamu wa usingizi wakaitwa tena chumbani.

Nalitaja hili kwa urefu kwa sababu matangazo ya huduma hii, katika miji kama Dar es Salaam, Dodoma na Nairobi ambako sasa inapatikana, hupenda kuyauza maneno "bila usingizi" kama ushahidi wa usasa. Uliza nguvu iliyotumika ilikuwa kiasi gani. Kikao kisichouma kabisa kwa mtu aliye macho bila dawa kinaweza kuwa kikao ambacho hakikulifikia jiwe.

Kuna namna mbili za kupunguza maumivu ambazo hazigharimu dawa, na zote zimo kwenye vitufe vya mashine. Ya kwanza ni kuanza na nguvu ndogo na kuipandisha hatua kwa hatua. Mgonjwa anauzoea mlio na pigo, mwili unalegea, na nguvu kubwa inapofika haimshtui. Majaribio yaliyofanywa kwa nguruwe huko Marekani yalionyesha faida nyingine: mapigo machache ya nguvu ndogo yakifuatiwa na mapumziko mafupi ya dakika tatu au nne huifanya mishipa ya damu ya figo ijibane, na madhara kwa figo hupungua mapigo makubwa yanapokuja. Ya pili ni kupunguza kasi. Mapigo 60 kwa dakika huvunja jiwe vizuri kuliko 120, kwa sababu mapovu madogo yanayoachwa na pigo moja huhitaji muda wa kutoweka kabla ya pigo linalofuata. Yakibaki, yanalizuia.

Tatizo la kasi ndogo ni saa. Mapigo 3,000 kwa 120 kwa dakika ni dakika 25, na kwa 60 ni dakika 50. Pale ambapo mashine ni moja na foleni imefika koridoni, kishawishi cha kuharakisha ni kikubwa, nami nakielewa. Hata hivyo, mgonjwa aliyeharakishwa akarudi mara mbili amekula muda mwingi kuliko aliyetibiwa polepole mara moja, na ameumia mara tatu.

Jeli nayo ina nafasi yake. Watafiti wamepima kwamba mifuko ya hewa inayofunika asilimia 2 tu ya eneo la mguso inaweza kupunguza uvunjaji wa jiwe kwa asilimia 20 hadi 40. Mgonjwa anayejigeuza kwa maumivu hunyanyua mwili, hewa inaingia chini yake, na anaporudi kulala ile jeli haiko tena kama ilivyokuwa. Kichwa cha mashine kishushwe, jeli ipakwe upya. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na ni rahisi kuisahau.

Tukija kwenye dawa, hakuna moja inayofaa kila mtu, na daktari anayempa kila mgonjwa sindano ileile hajamtazama mgonjwa. Maumivu ya ngozi yana dawa yake: krimu ya ganzi yenye lidokeini na prilokeini. Inafaa, ila lazima ipakwe saa nzima kabla na ifunikwe kwa plastiki, kisha ifutwe vizuri jeli ipate kukamata. Ikipakwa dakika 10 kabla ya kuingia chumbani, imepotezwa bure. Haifiki kwenye utando wa figo wala kwenye ubavu, kwa hiyo ni msaidizi tu.

Diklofenaki na ndugu zake huyapunguza maumivu ya ndani vizuri. Tatizo ni kwamba dawa hizi huweza kuitaabisha figo ambayo tayari imechoka, huamsha vidonda vya tumbo, na huathiri chembe za damu zinazosaidia kuganda. Mtu mwenye kreatinini iliyopanda hapaswi kuchomwa sindano ya diklofenaki kwa mazoea. Hapa kwetu liko jambo la ziada. Mtu aliyeishi na jiwe miezi kadhaa amezoea kwenda duka la dawa na kununua diklofenaki bila cheti, pengine ameimeza asubuhi hiyohiyo, na anapoulizwa kama anatumia dawa yoyote anajibu hapana, maana moyoni mwake ile si dawa, ni kitulizo. Aulizwe kwa jina la dawa. Aulizwe pia kuhusu aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo husimamishwa siku kadhaa kabla kwa maelekezo ya daktari aliyeziandika, kamwe si kwa uamuzi wa mgonjwa mwenyewe. Na presha ipimwe. Presha isiyodhibitiwa ni mojawapo ya sababu za damu kuvujia pembeni mwa figo baada ya mawimbi.

Parasetamoli ya kwenye mshipa ni dawa ya upole na salama kwa wengi, nami naona inadharauliwa kwa sababu jina lake limezoeleka. Ikitangulia, dozi ya dawa kali hupungua.

Dawa kali zenyewe, yaani pethidini, fentanili, tramadoli na jamaa zao, ndizo uti wa mgongo wa huduma hii kwa mgonjwa aliye macho. Fentanili hufanya kazi upesi na huisha upesi, tabia inayolingana na kikao cha saa moja. Pethidini hukaa zaidi na huleta kichefuchefu kwa wengi. Zote zinaweza kupunguza pumzi. Kwa sababu hiyo hazipaswi kutolewa kwenye chumba kisicho na oksijeni, kifaa cha kidoleni cha kupima hewa ya damu, na mtu ambaye kazi yake pekee kwa saa hiyo ni kumwangalia mgonjwa. Fundi anayetazama skrini ya jiwe hawezi kuwa mtu huyo. Katika hospitali zetu dawa hizi hukaa kwenye kabati la kufuli lenye daftari lake, na utaratibu huo ni wa lazima. Kinachokera ni pale ufunguo unapokuwa kwa mtu aliyekwenda wodi nyingine, na mgonjwa anaanzishiwa mawimbi kwa ahadi kwamba sindano inakuja. Isipokuwepo chumbani, tiba isianze.

Ikibidi kwenda mbele zaidi, kuna midazolamu ya kuondoa hofu, na kuna propofoli au ketamini ya kumlaza mtu usingizi mwepesi. Hizi ni za mtaalamu wa usingizi. Mgonjwa awe amefunga kula kama anayekwenda chumba cha upasuaji, na aje na mtu wa kumrudisha nyumbani, kwa sababu anayeondoka akiwa bado na dawa kichwani hastahili kupanda bodaboda peke yake. Nusukaputi kamili ni ya watoto wadogo, wasioweza kutulia hata wakibembelezwa. Ni ya mtu mzima pia ambaye kikao cha kwanza kilishindikana kwa maumivu. Faida yake kubwa haizungumzwi sana: mtaalamu wa usingizi anaitawala pumzi, figo inasogea kidogo na kwa mpangilio, na jiwe linabaki kwenye shabaha. Wapo watakaosema ni kutumia rasilimali nyingi kwa tiba ya nje. Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vizuri nadhani ni kinyume chake, maana vikao viwili vilivyoshindwa ni ghali kuliko kimoja chenye usingizi.

Nimesema hofu huongeza maumivu, na hofu ina tiba rahisi kuliko zote, nayo ni maelezo. Mlio wa mashine peke yake humtisha mtu asiyetahadharishwa. Mwonyeshe chumba. Mpigie mapigo matano ya nguvu ndogo asikie yalivyo. Mpe ishara ya mkono ya kusimamisha, na umhakikishie kwamba itaheshimiwa. Mgonjwa anayejua kuwa anaweza kusimamisha huwa hasimamishi mara nyingi. Muziki nao umejaribiwa katika tafiti kadhaa za kulinganisha makundi, na wagonjwa waliosikiliza waliripoti maumivu na wasiwasi mdogo kuliko wenzao. Acha achague mwenyewe, awe mtu wa taarabu, wa rumba, wa kwaya au wa kisomo cha Kurani. Spika za masikioni pia humkinga na ule mlio. Hakuna hospitali inayoweza kusema haina uwezo wa hili.

Wanaume wetu wanahitaji neno la pekee. Wamelelewa kwamba kuguna ni aibu, na mbele ya wauguzi wa kike watanyamaza mpaka jasho litiririke. Muuguzi akiuliza "Vipi baba, unaumia?" atajibiwa "Kawaida tu." Swali hilo halifai. Aulizwe maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, na aulizwe kila nguvu inapopandishwa. Mtu hutaja namba bila kujiona amelia. Macho ya muuguzi pia yatazame ngumi iliyokunjwa, vidole vya miguu vilivyojikunja, na pumzi iliyozuiwa.

Baada ya kikao maumivu hubadilika sura. Ngozi inaweza kuwa nyekundu au kuvilia, mkojo ukawa na rangi ya damu kwa siku moja au mbili, na hayo hupita. Vipande vya jiwe vinapoanza safari kwenye mrija wa mkojo, huja yale maumivu ya mawimbi kutoka kiunoni hadi kinenani ambayo mgonjwa anayajua tangu zamani. Aondoke hospitali akiwa na dawa mkononi, pengine na tamsulosini ya kulegeza mrija, badala ya kuambiwa arudi akiumwa. Maji anywe kwa mtiririko wa kawaida wa siku. Kujijaza lita nzima wakati maumivu yamepanda hakusukumi kipande, na mara nyingi huongeza mateso. Kwa wachache, vipande hujipanga na kuuziba mrija.

Kuna maumivu ambayo hayatulizwi nyumbani hata kwa dawa bora. Homa na kutetemeka baada ya tiba humaanisha huenda mkojo uliozibwa umeingiwa na vijidudu, na hilo ni jambo la usiku huohuo, si la kusubiri kliniki. Maumivu makali ya ubavuni yasiyopungua, pamoja na kizunguzungu na moyo kwenda mbio, yanaweza kuwa damu inayovujia pembeni mwa figo. Kuvuja kunakoleta dalili hutokea kwa chini ya mgonjwa mmoja katika mia, lakini mmoja huyo hatakiwi kuwa nyumbani akimeza vidonge. Kukosa mkojo kabisa ni sababu ya tatu ya kurudi mbio.

Limebaki faili. Kwenye nyingi huandikwa idadi ya mapigo na tarehe ya kurudi, basi. Iandikwe pia nguvu ya juu iliyofikiwa, dawa zilizotolewa na dozi zake, namba ya maumivu aliyoitaja mgonjwa, na mara ambazo tiba ilisimamishwa. Wiki kadhaa baadaye mgonjwa atarudi na picha, na jiwe litakuwa bado lipo. Daktari asiyeyaona hayo ataandika kwamba jiwe ni gumu, haliwezi mawimbi, na kumpeleka mgonjwa kwenye kifaa cha kuingizwa njia ya mkojo au kwenye tundu la mgongoni. Daktari anayeyaona atagundua kwamba nguvu haikuvuka nusu, kwa sababu mgonjwa alitaja nane na hakuna aliyemwongezea dawa. Jiwe hilo bado halijajaribiwa. Apangiwe kikao kingine, safari hii mtaalamu wa usingizi akiwemo chumbani.